Umeme wa Jua na Kipimo Chake Nyumbani

Mtu aliyeazimia kuweka umeme wa jua nyumbani kwake aghalabu huanza safari yake dukani, akasimama mbele ya paneli zilizoegemezwa ukutani, akauliza bei ya hii na ya ile, akasikilizishwa sifa za zote kwa ulimi mtamu, kisha akarudi kwake na chombo asichojua kama kimezidi haja yake au kimepungua kiasi cha kumwacha gizani saa tatu za usiku. Rai yangu, ambayo sura hii nzima imesimama juu yake, ni kwamba safari hiyo sharti ianzie nyumbani, kwa karatasi na kalamu. Kwamba haja ya nyumba ndiyo ijulikane mbele, betri ifuate haja, na paneli ifuate betri. Na kwamba kibandiko kilichogandishwa nyuma ya paneli si shahidi wa kutosha mpaka mnunuzi mwenyewe akipime ukweli wake.

Watu wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa thamani ya umeme usiotegemea njia moja tu. Mwezi Mei 2008 njia ya umeme ipitayo chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba, iliharibika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mmoja. Kisha Desemba 2009 msiba ule ule ukarudi, na mara hiyo haukuondoka mpaka Machi 2010. Ilidhihirika katika miezi ile kwamba umeme si taa peke yake, kwa maana pampu za maji zilisimama, watu wakarudia visima na ndoo, na jenereta zikanguruma usiku kucha katika nyumba za wenye uwezo wa kununua mafuta. Waya mpya wenye nguvu zaidi umekwisha kulazwa baharini tangu hapo, alhamdulillahi. Walakini aliyepata kuonja giza la miezi mitatu hawezi kuidharau paneli moja iliyo juu ya paa lake. Na kwa mwananchi wa shamba ambaye nguzo ya umeme haijamfikia, awe wa Singida, wa Kwale au wa Kivu, paneli hiyo si akiba ya siku ya dharura, bali ndiyo umeme wenyewe, wa kwanza na wa pekee.

Basi kaa na watu wa nyumbani, uandike kila chombo kitakachotumia umeme, wati zake, na saa zake za kazi kwa siku. Zidisha wati kwa saa, na jibu lako ndilo wati-saa, kipimo ambacho kwacho mambo yote yafuatayo hupimwa. Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, tuseme iko Makunduchi, yenye taa nne za LED za wati 5 kila moja, ziwakazo saa tano kwa usiku: hizo ni wati-saa 100. Televisheni ndogo ya DC, yaani ile ipokeayo umeme wa betri moja kwa moja, ina wati 20, na ikitazamwa saa nne inakula 80. Redio ya wati 5 ikisikilizwa saa sita ni 30, na simu tatu zikipigwa chaji ni 30 nyingine. Jumla yake ni wati-saa 240 kwa siku, nayo ni pungufu ya kile kinacholiwa na pasi ya umeme ya wati 1000 kwa robo saa tu. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwa nini fundi mwaminifu hukataa katakata kuunganisha pasi, birika la umeme, jiko au hita ya maji katika mfumo mdogo: chombo kinachozalisha joto hula kwa dakika chache riziki ya nyumba nzima ya siku nzima, na hakuna paneli ya bei ya mtu wa kawaida iwezayo kukishibisha. Pasi ya mkaa na ibaki kazini, wala si aibu.

Kwa nyumba za pwani naongeza jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi havina haja nalo, nalo ni feni. Katika miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto la usiku huwanyima watoto usingizi, na mtu aliyekwisha kupata umeme hatakubali kwa muda mrefu kulala bila upepo. Feni ya DC ya wati 20 ikizunguka saa nane inakula wati-saa 160, yaani inaipandisha hesabu yetu kutoka 240 hadi 400. Afadhali kuiandika tangu mwanzo kuliko kuinunua baada ya mwaka mmoja na kuiua betri kwayo. Lakini kwa ajili ya wepesi wa mfano tubaki na 240, na mwenye feni atazidisha mwenyewe.

Sasa betri. Betri ni birika la maji ya mvua: jua ndiyo mvua, na kiu ya usiku hukatwa kwa kilichokingwa mchana. Kwa kuwa yamkini siku moja ikafunga kwa mawingu, weka akiba ya siku mbili, ambayo kwa nyumba yetu ni wati-saa 480. Betri ya risasi na tindikali, ambayo bado ndiyo iliyoenea madukani, haitakiwi kushushwa chini ya nusu ya ujazo wake kwa mazoea, kwa hiyo tunahitaji mara mbili ya hizo, yaani 960. Gawanya kwa volti 12 za betri, upate ampea-saa 80, nawe utachukua betri ya ampea-saa 100, ambayo ndiyo saizi iliyo karibu.

Paneli ndiyo ya mwisho. Wajuzi wa jua hupima mwanga kwa kile waitacho saa za jua kamili, yaani saa ambazo kila mita moja ya mraba ya ardhi ingepokea wati 1000 za mwanga. Mchana una saa kumi na mbili, lakini asubuhi na jioni jua ni dhaifu, hata mchana mzima wa pwani yetu ukikusanywa huwa sawa na saa 5 hivi za jua kamili kwa wastani wa mwaka. Dodoma na Singida hupata zaidi, na masika huwapunguzia wote. Tukadirie 4 kwa ajili ya hadhari. Kisha tukubali kwamba sehemu ya umeme hupotea njiani, katika joto, katika nyaya na ndani ya betri yenyewe, kwa hiyo zile 240 tuzifanye 320. Gawanya kwa 4, jibu ni wati 80, na paneli ya wati 100 itatosha na kubakisha. Hesabu hiyo haichukui muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha kahawa, na mtu anayeingia dukani akiwa nayo mkononi hadanganyiki kwa urahisi.

Yafaa msomaji ajue kwa ufupi kilichomo ndani ya kioo kile. Mnamo 1839 Mfaransa kijana, Edmond Becquerel, aligundua kwamba mwanga ukiangukia baadhi ya vitu huzaa umeme, lakini ilimu hiyo ilikaa zaidi ya karne moja bila ya kumwashia mtu taa, mpaka 1954, wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walipotengeneza seli ya silikoni iliyoweza kugeuza kama sehemu 6 katika 100 za mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye seli za namna hiyo zilirushwa angani katika setilaiti ya Vanguard 1. Leo paneli nzuri za majumbani hugeuza sehemu 20 na zaidi kidogo katika 100, na silikoni ni ile ile, ambayo asili yake ni mchanga. Katika Afrika Mashariki habari hii ina tarehe zake pia: mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, katika Meru ya Kenya, iliwekewa umeme wa jua kwa juhudi za Harold Burris, mhandisi, na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu hapo, wote wawili Wamarekani, na kutokana na mwanzo wa namna hiyo waalimu na wakulima wa kahawa na chai wakaanza kununua paneli kwa fedha zao wenyewe, bila ya kungoja serikali wala wafadhili. Jambo hilo ni la fahari. Lakini soko likikua na hila hukua, na mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya paneli nyembamba zilizouzwa kwa wingi Kenya, zile za rangi ya hudhurungi zisizotengenezwa kwa fuwele za silikoni, zilipopimwa zilikutwa zikitoa umeme uliopungua sana kuliko ulioandikwa juu yake. Mkulima aliyeuza kahawa yake na kununua paneli ya namna hiyo hakuwa na njia ya kujua kama amepunjwa. Aliona taa imefifia tu, akadhani jua lake ni haba.

Siku hizi mnunuzi anayo njia, tena haina gharama. Paneli za fuwele ziko za namna mbili: zile zilizokatwa katika fuwele moja, nyeusi, na zile za fuwele nyingi zilizogandamana, zenye rangi ya buluu na mng'aro wa vipande vipande. Nyeusi hutoa zaidi kidogo kwa eneo lile lile, na kwa kuwa bei zimekaribiana sana, na buluu zinatoweka sokoni, sioni sababu ya kupoteza muda katika mjadala huo. Kilicho muhimu ni ukweli wa wati. Chukua tepu ya fundi, upime urefu na upana wa paneli kwa mita, uzidishe, ujue eneo lake. Jua kamili hudondosha wati 1000 juu ya mita moja ya mraba, na paneli nzuri hushika kama moja ya tano yake. Kwa hiyo mita moja ya mraba haiwezi kukupa zaidi ya wati 200 na ushei. Paneli ya urefu wa mita 1 na upana wa nusu mita ina eneo la nusu mita ya mraba, nayo itatoa kama wati 100. Ikiwa imebandikwa karatasi ya wati 200, muuzaji anakuambia kwamba chombo chake hushika sehemu 40 katika 100 za mwanga, jambo ambalo hakuna paneli ya silikoni ya majumbani iliyolifikia. Hapo usibishane naye. Rudisha tepu mfukoni, uage, uende duka la pili.

Kama paneli imefaulu mtihani wa tepu, omba itolewe nje juani, karibu na saa sita ya mchana, na uwe na testa, yaani kipimo cha volti na ampea. Hesabu seli zake: paneli ya kuchajia betri ya volti 12 kwa kawaida huwa na seli 36 zilizofuatana, na ikiwa haijaunganishwa na kitu testa itasoma volti kama 21 au 22. Walakini volti peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu hata paneli dhaifu, hata chini ya mawingu, huonyesha volti nzuri. Mwongo huumbuliwa na ampea. Weka testa upande wa ampea 10, gusisha ncha zake kwenye nyaya mbili za paneli, na paneli ya wati 100 iliyoelekezwa juani barabara itasoma ampea 5 na nusu hadi 6. Ikisoma ampea 3, hiyo ni paneli ya wati 50 iliyovikwa joho la wati 100. Angalia pia nyuma yake: karatasi ya nyuma isiwe na malengelenge, kisanduku cha nyaya kiwe kimefungwa kisiingie maji, na kibandiko kitaje volti na ampea zote, si wati peke yake. Alama ya IEC 61215 maana yake ni kwamba aina hiyo ya paneli ilipitishwa katika majaribio ya joto, unyevu na mvua ya mawe. Ni dalili njema, lakini alama huchapwa kwa wino, na wino hauna kiapo, kwa hiyo tepu na testa zibaki mkononi.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata watu makini. Wapo wanaoletewa paneli kubwa ya wati 250, yenye seli 60, kwa bei nafuu ya ajabu kwa wati, nao wakaifunga kwenye betri ya volti 12 kwa kontrola, yaani chombo kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, ya aina ya kawaida iliyoandikwa PWM. Paneli hiyo hufanya kazi yake katika volti 30 hivi na ampea 8 na ushei, lakini kontrola ya PWM huishusha mpaka volti za betri, tuseme 13, na ampea hazizidi. Zidisha 13 kwa hizo 8 na ushei, utaona kwamba wati 250 zilizolipiwa zimekuwa 108 au karibu na hapo, na zilizobaki zimepotea bila ya kuonekana. Kontrola ya MPPT, ambayo ni ghali zaidi, huibadili ile ziada ya volti kuwa ampea na kuirudisha haki. Mimi naona kwamba kwa paneli moja ya seli 36 ya wati 100 PWM inatosha na fedha iliyobaki iongezwe kwenye betri. Lakini mwenye paneli za seli 60, au mwenye jumla ya wati 300 na zaidi, asiikimbie MPPT kwa ubahili.

Paneli ikishafika nyumbani hutafutiwa mahali. Seli zake zimeshikana kwa mfuatano, na kwa hiyo kivuli kikiangukia seli chache hukaba mtiririko wa nyingine ingawa ziko juani. Kuti moja la mnazi, au mlingoti wa antena unaotupa kivuli chembamba kama kamba, huweza kupunguza umeme kwa kiasi kisicholingana kabisa na udogo wake. Ndiyo maana inapasa kupanda juu ya paa si mara moja, bali asubuhi, adhuhuri na alasiri, kutazama vivuli vinapotembea kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kabla ya kutoboa tundu hata moja. Nchi zetu ziko karibu na Ikweta, na jua hupita karibu na utosi. Kwa Unguja hupita utosini hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo paneli haihitaji kusimamishwa sana: mwinamo wa digrii 10 hadi 15 kuelekea kaskazini watosha kwa sisi tulio kusini ya Ikweta, na faida yake kubwa ni kwamba mvua huteremka nayo ikiosha vumbi na kinyesi cha ndege. Paneli iliyolazwa sawasawa kama sahani hukusanya uchafu pembeni mwa fremu yake, na uchafu huo ni kivuli cha kudumu.

Tena paneli huchukia joto, jambo linalowashangaza wengi, maana hudhani kwamba joto na mwanga ni kitu kimoja. Wati za kibandiko hupimwa seli zikiwa na joto la digrii 25. Juu ya bati la mchana seli hufika 60 na zaidi, na kwa kila digrii moja inayozidi paneli hupoteza kama theluthi moja ya sehemu moja katika 100, hata ikafika adhuhuri imekwisha kupoteza zaidi ya moja ya kumi ya nguvu zake. Dawa yake ni kuiinua juu ya bati kwa kiganja kizima au zaidi ili upepo upite chini. Nyumba ya makuti ina hukumu yake peke yake: mimi siafiki kufunga paneli wala kupitisha nyaya zake katika makuti, kwa kuwa kiungo kilicholegea hutoa cheche, na cheche katika makuti makavu ya Januari haina msamaha; afadhali isimikwe nguzo uani, ipakwe dawa ya mchwa, na paneli iwekwe juu yake. Na kwa walio karibu na bahari, chumvi ya hewani hula misumari ya kawaida katika misimu michache, kwa hiyo skrubu na ziwe za chuma kisichoshika kutu, na viungo vya nyaya vifungwe kwenye visanduku, visiachwe uchi vikapata rangi ya kijani.

Waya ni mahali ambapo fedha ndogo iliyookolewa huharibu fedha kubwa iliyotumika. Umeme wa volti 12 hauna nguvu ya kusafiri mbali katika njia nyembamba. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba ukipitisha ampea 10 kwa mita 10, kwenda na kurudi, hupoteza volti 1.4 njiani, nayo ni zaidi ya moja ya kumi ya umeme wote. Waya wa milimita 6 hupoteza kama volti 0.6 tu. Kwa sababu hiyo betri na kontrola na ziwekwe karibu na paneli kadiri iwezekanavyo. Fyuzi ni lazima, tena iwe hapo hapo karibu na ncha ya chanya ya betri, kwa sababu betri ndogo ya nyumbani, nyaya zake zikigusana, huachia ampea mamia kwa mara moja, na waya huwa mwekundu kama kaa la moto kabla mwenye nyumba hajasimama. Siku ya kuunganisha, betri hutangulia kufungwa kwenye kontrola, ili kontrola ipate kuzijua volti zake, ndipo ifuate paneli, ndipo vyombo. Na siku ya kufungua, mambo hugeuzwa, paneli ikatoka kabla ya betri. Mwenye kulipuuza hili huweza kuiunguza kontrola mpya kwa dakika moja.

Sasa narudi kwenye betri, kwa kuwa ndiyo yenye umri mfupi kuliko viungo vyote. Paneli njema huishi miaka 25 na bado ikatoa kama sehemu 80 katika 100 za nguvu zake za ujana. Betri ya risasi ikitendewa vyema huenda miaka mitano, na ikitendewa vibaya haimalizi miezi minane. Wengi huiua kwa kununua betri ya gari, wakivutwa na unafuu wake. Betri ya gari imeundwa kwa sahani nyembamba, itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara. Ukiitoa pole pole usiku kucha mpaka nusu, sahani zake huchakaa upesi. Betri ya sola ina sahani nene, hata uzito wake mkononi hukueleza habari zake. Njia ya pili ya kuiua ni njaa. Betri ya risasi iliyoachwa siku nyingi bila kujaa hugandiwa na chumvi ya salfeti juu ya sahani zake, na ganda hilo likishakomaa halitoki. Aliye na testa ya bei ndogo na aipime betri yake alfajiri, kabla jua halijapanda wala chombo hakijawashwa: volti 12.7 ni shibe, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni kilio. Akikuta kilio siku mbili mfululizo, asiingoje kontrola imkatie, bali azime televisheni jioni hiyo mpaka betri ijae. Kama betri ni ya kuongezwa maji, yawe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima, maana visima vya pwani vina chumvi; wala asiongeze tindikali. Na iwekwe mahali pa kivuli penye hewa, si chini ya kitanda, kwa sababu ikijaa hutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto, na kwa sababu joto huifupishia umri: kila digrii 10 zinazozidi 25 huukata umri wake karibu nusu.

Betri za lithiamu, hasa zile za chuma na fosfeti, zinaibadili hesabu hii. Huweza kutumiwa sehemu 80 katika 100 za ujazo wake bila ya kudhurika, huvumilia kujazwa na kutolewa mara elfu mbili na zaidi, na hazihitaji maji. Bei yake ya mwanzo ni kubwa, lakini ikigawanywa kwa miaka ya kazi aghalabu ni nafuu, na mwenye uwezo wa kungoja na kukusanya ningemshauri angoje akusanye, bora tu kontrola yake iwe na mpango wa lithiamu. Inveta nayo ninaiweka mwisho kwa makusudi. Ni chombo cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230, nacho hula kidogo hata kikiwa hakilishi kitu. Nyumba iliyonunua taa, televisheni na feni za DC huweza kuishi bila ya inveta kabisa, na mimi naona hiyo ndiyo nyumba iliyopanga vizuri.

Maarifa haya si ya wahandisi peke yao. Kinyasini, katika Unguja ya Kaskazini, kipo tangu 2015 chuo cha Barefoot College, ambacho mizizi yake iko Tilonia, India, nacho hufundisha kina mama wa vijijini, wengine wao hawakupata kusoma sana, kufunga na kutengeneza mitambo ya jua kwa miezi kadhaa, kisha wakarudi vijijini mwao kuwa mafundi. Mama anayeshika testa na kuijua fyuzi iliyoungua humwokolea jirani yake nauli ya kwenda mjini na ujira wa fundi asiyejulikana. Kila kijiji chenye paneli kumi kinastahili kuwa na mtu mmoja wa namna hiyo, na wazee wa mtaa wanapochagua nani apelekwe kusoma, na wamchague atakayebaki.

Limebaki neno la betri iliyokufa. Ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na tindikali, ambayo huunguza ngozi na udongo. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika damu ya watoto na watu wazima. Phyllis Omido, mama aliyekuwa akifanya kazi hapo na ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, alipigana mpaka kiwanda kikafungwa, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoa fedha yako ya betri mpya, muulize muuzaji kama ataipokea ile ya zamani na ataipeleka wapi. Nawe usiimwage tindikali yake shambani, usiipasue uani, wala usimpe mtoto aende kuiuza kwa kilo.